MKULIMA WA BUTIAMA

Askari anayepelekwa kazini Arua, Koboko au Yumbe huikuta nchi ya wakulima. Asubuhi na mapema, kabla jua halijapanda, wake kwa waume huonekana wakielekea mashambani na majembe mabegani. Hulima muhogo, mtama, wimbi, ufuta, maharagwe na tumbaku. Katika nchi hiyo, kaskazini kidogo ya mji wa Arua, ipo Ombaci, mahali penye misheni ya Kikatoliki na Chuo cha Mtakatifu Yosefu. Wakulima wa Ombaci wanayo sababu yao ya kumtazama mtu mwenye bunduki kwa uangalifu, na sababu hiyo tutaifikia kwa zamu yake.

Leo ukurasa huu unamkumbuka mtu ambaye hakuzaliwa West Nile, lakini majeshi yake yalifika huko mwaka 1979. Mtu huyo ni hayati Mwalimu Julius Kambarage Nyerere, Rais wa kwanza wa Tanzania na Amiri Jeshi Mkuu wa nchi hiyo kwa muda wa zaidi ya miaka 20. Juu ya siasa zake yamekwisha kuandikwa mengi, na yataandikwa mengine. Sisi tulio katika majeshi na polisi twaweza kumtazama kwa upande mwingine, upande wa mume, baba na mkulima. Yako mambo katika maisha hayo ambayo askari akiyafahamu yatamfaa siku zote za utumishi wake, na hata baada ya kuvua sare.

JINA LA MVUA

Kambarage alizaliwa tarehe 13 Aprili 1922 huko Butiama, mashariki ya Ziwa Viktoria, karibu na Musoma. Siku aliyozaliwa mvua kubwa ilinyesha, na kwa desturi ya Wazanaki akapewa jina la mzimu wa mvua. Jina la baba yake nalo lilitoka shambani, ingawa kwa habari ya huzuni. Nyerere, kwa Kizanaki, ni kiwavi. Mzee huyo alizaliwa wakati viwavi jeshi walipoivamia nchi na kuyala mazao yote, watu wakapatwa na njaa. Hivyo mtoto wa Butiama alibeba majina mawili ambayo kila mkulima huyaelewa mara moja: mvua iletayo chakula, na mdudu akimalizaye.

Baba yake, Nyerere Burito, alikuwa mtemi wa Wazanaki. Alikuwa na wake 22, na mama yake Kambarage, Mgaya wa Nyang'ombe, alikuwa mke wa tano. Mtu asidhani kwamba kuzaliwa katika nyumba ya mtemi kulimpa mtoto huyo maisha ya starehe. Kila mke alikuwa na nyumba yake na shamba lake, na watoto wake walikula walichokivuna pamoja na mama yao. Kambarage alilima na mama yake na kuchunga mifugo kama watoto wenzake. Ndiyo maana hata alipokuwa mkubwa, na wageni wa mataifa wakimjia kumtembelea, mikono yake haikulisahau jembe.

Shule aliianza akiwa na umri wa miaka 12, mwaka 1934, katika shule ya Mwisenge mjini Musoma, mwendo wa kilomita kama 40 kutoka nyumbani. Mwaka 1937 aliingia shule ya serikali ya Tabora. Baba yake alifariki mwaka 1942, na mwaka uliofuata kijana huyo akavuka mpaka kuja kwetu Uganda, kusoma ualimu katika Chuo cha Makerere. Desemba 1943 alibatizwa, akachukua jina la Julius.

Akiwa Makerere aliandika insha juu ya hali ya wanawake katika jamii yake, nayo ikapata tuzo katika mashindano ya uandishi ya Afrika Mashariki. Kijana aliyetoka katika boma la wake 22 alikuwa ameona kwa macho yake ni nani aliyeinama shambani tangu asubuhi mpaka jioni, na ni nani aliyepewa sifa za mavuno. Yeye mwenyewe, ilipofika zamu yake ya kuoa, alioa mke mmoja, akakaa naye mpaka mauti yalipowatenganisha.

NYUMBA YA MIKONO YAKE

Baada ya kufundisha katika shule ya Mtakatifu Maria huko Tabora, mwaka 1949 alikwenda Uskochi kusoma katika Chuo Kikuu cha Edinburgh. Alirudi mwaka 1952 na shahada yake. Katika siku zile Mwafrika mwenye shahada ya Ulaya alikuwa mtu wa kuonwa kwa nadra, na watu wa Butiama walitazamia kumwona bwana mkubwa mwenye tai na viatu vya kung'aa, ambaye angeagiza na kutumikiwa.

Walichokiona kiliwashangaza. Msomi yule aliingia katika udongo, akaukanyaga kwa miguu yake, akafyatua matofali, akajenga nyumba kwa mikono yake mwenyewe. Alikuwa akijiandaa kuoa, na kwa fikira zake mtu anayetaka kuoa hana budi kwanza kuwa na paa la kumweka mkewe. Wako waliocheka. Wako pia waliosikitika, wakidhani elimu imempotea bure. Lakini nyumba ilikwisha, na tarehe 24 Januari 1953 Julius Nyerere alifunga ndoa huko Musoma na Maria Waningu, binti Gabriel Magige, aliyekuwa mwalimu kama yeye.

Ndoa hiyo ilijaribiwa mapema. Mwaka huo huo wa 1953 Mwalimu alikwenda kufundisha Pugu, nje kidogo ya Dar es Salaam, akachaguliwa pia kuwa rais wa chama cha TAA. Tarehe 7 Julai 1954 chama hicho kiligeuzwa kuwa TANU. Machi 1955 alisafiri kwenda Umoja wa Mataifa kuisemea Tanganyika. Aliporudi alitakiwa kuchagua, ama ualimu na mshahara wake, ama siasa ambayo haikuwa na mshahara. Aliacha kazi akiwa na mke na watoto wadogo wa kulisha.

Askari mwenye jamaa anaufahamu uzito wa uamuzi wa namna hiyo. Mwalimu hakukimbilia kuombaomba kwa marafiki. Alirudi Butiama, akashika kazi za nyumbani, na akapata riziki kidogo kwa kuwafundisha Kizanaki mapadre wa Kimarekani waliokuwa katika wilaya ile. Jamaa ilipohamia Magomeni, Dar es Salaam, Mama Maria alifungua duka dogo, akauza mafuta ya taa na vitu vingine vya matumizi ya nyumbani. Wakati mumewe alipozunguka nchi nzima kuandikisha wanachama, duka lile lilisaidia kuwapa watoto chakula. Mtu akiyasimulia maisha ya Mwalimu bila kulitaja duka la mkewe, atakuwa amesimulia nusu tu. Uhuru wa Tanganyika, uliopatikana tarehe 9 Desemba 1961, ulitegemea pia uvumilivu wa mwanamke huyo.

Walijaliwa watoto 8, wavulana 5 na wasichana 3.

RAIS MWENYE JEMBE

Mwalimu alikuwa Waziri Mkuu kwa majuma machache tu baada ya uhuru. Januari 1962 alijiuzulu ili akakijenge chama mikoani, na tarehe 9 Desemba mwaka huo akawa Rais wa Jamhuri ya Tanganyika. Jaribu lake kubwa la kwanza lilitoka kwa askari. Tarehe 20 Januari 1964 kikosi cha kwanza katika kambi ya Colito, Dar es Salaam, kiliasi kikidai nyongeza ya mshahara na kuondolewa kwa maofisa Waingereza. Siku chache baadaye maasi kama hayo yalitokea Kenya, na hapa kwetu katika kambi ya Jinja. Yalizimwa kwa msaada wa majeshi ya Uingereza, na aibu hiyo ilimwingia Mwalimu moyoni.

Jeshi la zamani lilivunjwa. Tarehe 1 Septemba 1964 lilianzishwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania, na jina lenyewe lilitangaza madhumuni yake. Askari mpya alitafutwa miongoni mwa vijana wa chama na wa Jeshi la Kujenga Taifa, ambao mafunzo yao yalikuwa bunduki pamoja na jembe. Mwalimu aliona hatari ya kuwa na askari aliyetengwa na watu, anayekula wasichokula wao na kuishi asivyoishi jirani yake. Aliamini kwamba mtu aliyewahi kuinama shambani atasita kuikanyaga miche ya mwenzake.

Aliyoyadai kwa wengine aliyaanza mwenyewe. Oktoba 1966, wanafunzi wa chuo kikuu walipoandamana kupinga masharti ya kujenga taifa, wakiwashutumu viongozi kwa mishahara minono, aliwarudisha makwao, lakini siku hiyo hiyo alipunguza mshahara wake kwa asilimia 20. Februari 1967 Azimio la Arusha liliwakataza viongozi kuwa na mishahara miwili, hisa katika makampuni na nyumba za kupangisha. Oktoba mwaka huo aliliunga mkono Azimio kwa kutembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza, safari ya zaidi ya kilomita 200. Na mwanzoni mwa miaka ya 1970 alikwenda Chamwino, Dodoma, katika nchi kame ya Wagogo, akakaa na wanakijiji, akalima na kufyatua matofali pamoja nao.

Kuhusu kilimo hakuwa mtu wa ndoto za mbali. Aliwaonya wasaidizi wake wasikimbilie matrekta ambayo mkulima hawezi kuyanunua wala kuyatengeneza, akasisitiza plau la kukokotwa na ng'ombe, mbolea ya zizi na mbegu bora. Hayo ni maneno ya mtu anayejua bei ya jembe dukani.

ALIPOTELEZA

Kumsifu marehemu kwa mambo yote si kumheshimu, nasi tutayataja pia yale yaliyowaumiza watu. Mwalimu alitaka wakulima wakae pamoja vijijini ili wapate shule, maji na zahanati. Mwanzoni aliwataka waende kwa hiari. Lakini mwishoni mwa mwaka 1973 ilitolewa amri kwamba kufikia mwisho wa mwaka 1976 wananchi wote wa mashambani wawe wamehamia vijijini, na katika kuitimiza amri hiyo hiari ilikufa. Mamilioni ya watu walihamishwa. Mahali pengine maofisa, wakisaidiwa na mgambo na polisi, walizibomoa au kuzichoma moto nyumba za wasiotaka kuhama, na watu wakatupwa katika ardhi ambayo hawakuijua. Ukame ulipokuja katika miaka hiyo hiyo, nchi ililazimika kununua chakula kingi kutoka ng'ambo.

Tena mwaka 1976 vyama vya ushirika, ambavyo wakulima walivijenga wenyewe tangu zamani za ukoloni, vilivunjwa na serikali. Miaka ya baadaye Mwalimu mwenyewe alikiri hadharani kwamba kuvivunja vyama hivyo, pamoja na kuziondoa serikali za mitaa, kulikuwa makosa.

Askari asiisome habari hii kama habari ya wanasiasa peke yao. Amri iliandikwa ofisini, lakini kiberiti kilishikwa na mtu mwenye sare. Mkulima aliyeona paa lake likiwaka hakumwona Rais. Alimwona konstebo na mgambo. Ikiwa kiongozi aliyelipenda jembe kiasi kile aliweza kuwa na watumishi waliochoma nyumba za wakulima kwa jina lake, basi kila askari wa nchi yoyote anao wajibu wa kujua mpaka wa kazi aliyotumwa.

VITA NA WEST NILE

Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka na kuiteka nchi iliyo kaskazini ya mto Kagera. Raia waliuawa, nyumba zikaporwa, maelfu ya ng'ombe wakaswagwa kuletwa Uganda, na daraja la Kyaka likavunjwa. Mwalimu alitangaza vita tarehe 2 Novemba. Makumi ya maelfu ya mgambo waliitwa kuongeza nguvu ya jeshi, na wengi wao walikuwa wakulima walioacha mashamba yakiwa yamekwisha kulimwa, wakisubiri mvua. Mmoja wa makamanda wakuu, Meja Jenerali David Musuguri aliyeongoza Divisheni ya 20, alikuwa mtu wa Butiama, jirani wa Rais wake. Jenerali huyo baadaye alikuwa Mkuu wa Majeshi, akastaafu mwaka 1988, akarudi kuishi Butiama, na kufariki mwaka 2024 akiwa na umri wa zaidi ya miaka 100.

Kampala ilitekwa tarehe 11 Aprili 1979. Vita haikuishia hapo, kwa kuwa majeshi ya Tanzania pamoja na wapiganaji wa Uganda walisonga kaskazini na magharibi. Watu wengi wa West Nile walikuwa na hofu kuu. Koboko ilikuwa nchi ya ukoo wa Amin, na askari wengi wa utawala wake walitoka kando zile. Mkulima wa Ombaci au wa Maracha, ambaye hakupata chochote katika utawala ule ila kodi na uhaba wa chumvi, alijiuliza kama atalipishwa dhambi za mtu wa kabila jirani. Lakini Arua ilichukuliwa bila mapigano makubwa, na tarehe 3 Juni 1979 askari wa Tanzania walifika mpaka wa Sudan. Kisasi kikubwa kilichoogopwa hakikutokea katika siku zile.

Kilitokea baadaye, na hapa tunaifikia sababu tuliyoitaja mwanzoni. Oktoba 1980 askari wa zamani wa Amin walivuka kutoka nchi jirani wakazishambulia Koboko na Arua. Askari wa UNLA, jeshi la taifa la wakati ule, waliporudi kuitwaa nchi, waliwageukia raia. Nyumba zilichomwa, maghala yakaporwa, na watu maelfu kwa maelfu wakakimbilia Zaire na Sudan. Mwaka uliofuata vikosi vya mwisho vya Tanzania viliondoka Uganda. Tarehe 24 Juni 1981, baada ya mapigano na waasi kando ya mji wa Arua, askari wa UNLA waliingia Ombaci, katika misheni na chuo ambamo maelfu ya wananchi walikuwa wamekimbilia wakitumaini kusalimika chini ya msalaba. Waliwafyatulia risasi. Karibu watu 100 waliuawa, wake kwa waume na watoto pamoja, na wengi wakajeruhiwa. Ombaci ipo kaburi la pamoja na mnara wa ukumbusho.

Historia haitaki tumwondolee Mwalimu sehemu yake. Aliiunga mkono serikali iliyoingia madarakani baada ya uchaguzi wa Desemba 1980, na wako wazee wa West Nile ambao kwao jina lake halikosi uchungu. Lakini jambo moja linamhusu kila avaaye sare. Kati ya Juni 1979 na Juni 1981 ni miaka 2 tu. Mashamba yalikuwa yale yale, na barabara ya Koboko ilikuwa ile ile. Wenyeji walipitiwa na majeshi zaidi ya moja, na mpaka leo wanasimulia tofauti ya jeshi lililopita bila kulipiza kisasi na jeshi lililokuja kuua. Askari hukaa kituoni mwaka mmoja au miwili, kisha huhamishwa. Mkulima hubaki pale pale na kumbukumbu ya askari huyo, akiwahadithia wajukuu zake.

KURUDI SHAMBANI

Vita ile iliigharimu Tanzania fedha nyingi mno, na miaka iliyofuata ilikuwa ya dhiki. Madukani hakukuwa na sabuni wala nguo. Mwalimu hakung'ang'ania kiti. Tarehe 5 Novemba 1985 alimkabidhi madaraka Ali Hassan Mwinyi, akiwa mmoja wa marais wachache wa Afrika wa kizazi chake walioondoka kwa hiari. Uenyekiti wa chama aliuacha mwaka 1990.

Hapo alifanya lile alilokuwa akilitamani, yaani kurudi Butiama kulima. Kila asubuhi alihudhuria misa, kisha akaenda shambani na fimbo yake. Jioni alicheza bao na wazee wenzake, na inasemekana hakupenda kushindwa. Alisoma na kuandika; Biblia ya Injili aliigeuza kuwa tenzi za Kiswahili, kama alivyokuwa ametafsiri tamthilia za Shakespeare wakati wa urais. Dunia haikumwacha apumzike. Aliongoza Tume ya nchi za Kusini, na tangu mwaka 1996 alishughulikia usuluhishi wa Burundi. Lakini kila safari ilipokwisha alirudi Mwitongo, kiamboni pa baba yake, kuuliza habari za mvua.

Utajiri hakuuacha. Nyumba kubwa zaidi aliyokuwa nayo Butiama alijengewa na Jeshi la Wananchi wa Tanzania kwa kumshukuru, naye alikaa ndani yake kwa muda mfupi tu kabla ya ugonjwa kumzidi. Fikiri, ndugu askari, jambo hilo. Mtu aliyekuwa Amiri Jeshi Mkuu kwa miaka zaidi ya 20 alijengewa nyumba na askari wake baada ya wao kuona kwamba yeye hakujijengea ya kulingana na cheo chake. Heshima ya namna hiyo hailazimishwi kwa amri.

Alifariki dunia tarehe 14 Oktoba 1999 katika hospitali ya St Thomas mjini London, kwa kansa ya damu. Mkewe na watoto walikuwa pamoja naye katika ugonjwa wake. Mwili wake ulirudishwa nyumbani, na tarehe 23 Oktoba ukazikwa Butiama, karibu na makaburi ya wazazi wake. Mwaka 2005 Kanisa Katoliki, kupitia jimbo la Musoma, lilianza uchunguzi wa kutaka atangazwe mwenye heri. Mama Maria naye amekuwa akija Namugongo na jamaa yake katika sikukuu ya Mashahidi wa Uganda, tarehe 3 Juni, siku ile ile ambayo mwaka 1979 askari wa mumewe walifika mpaka wa Sudan.

LA KUJIFUNZA

Katika maisha hayo askari na polisi anaweza kuchukua mambo matatu.

La kwanza linahusu nyumba yake. Kazi yetu hututenga na wake na watoto kwa miezi mingi. Mwalimu naye alitengwa na wake, pengine kupita sisi. Kilichoiokoa jamaa yake ni kwamba alioa mtu aliyemheshimu kama mwenzi, akamwachia uhuru wa kufanya biashara na kuamua mambo ya nyumbani, wala hakuitafuta jamaa ya pili mahali pa kazi. Askari anayegawa mshahara wake katika nyumba tatu, kila uhamisho na nyumba yake, atastaafu bila hata moja.

La pili linahusu kesho. Siku ya kustaafu huja upesi kuliko mtu anavyodhani. Wako wenzetu waliotumikia miaka 20, wakapokea kiinua mgongo, wakakimaliza mjini kabla ya mwaka kwisha, kisha wakarudi kijijini wakiwa wageni katika ardhi ya baba zao. Mwalimu aliporudi Butiama hakuwa mgeni. Alikuwa amejenga kule tangu mwaka 1952, akijulikana kwa wazee na watoto. Askari mwenye likizo ya siku 30 akizitumia 10 kupanda miti, kuchimba kisima au kutengeneza mipaka ya shamba, atakuwa ameweka akiba ambayo haiwezi kupotea kwa kushuka kwa thamani ya fedha.

La tatu ndilo zito. Mkulima unayemkuta njiani, mwenye jembe begani na mtoto mgongoni, ndiye anayekulisha. Unga wa posho ulio katika sufuria ya kambi umetoka kwake. Mwaka 1981 huko Ombaci watu wa namna hiyo walimkimbia mtu mwenye sare, wakati sare iliwekwa ili wamkimbilie. Vijana wengi waliomo katika vikosi vyetu leo hawakuwa wamezaliwa siku ile, na dhambi ile si yao. Lakini mzee anayesimama kando ya barabara ya Koboko hawezi kujua hayo kwa kuitazama kofia yako. Atayajua kwa jinsi unavyomsalimu, unavyolipa bei ya kuku wake, na unavyolizunguka shamba lake la muhogo badala ya kulikatiza katikati.

Mvua za kwanza huanguka West Nile kwenye Machi na Aprili, mwezi ule aliozaliwa mtoto aliyepewa jina la mzimu wa mvua. Ni wakati ambao mkulima huhitaji amani kuliko kitu kingine, maana mbegu isiyopandwa kwa wakati haivunwi. Vikosi vilivyopangwa huko na vilinde majuma hayo kama vinavyolinda ghala la silaha.